Chombo Kilichosimama Juu ya Hanang

Philomena alikuwa na kigoda kimoja alichokipenda. Asubuhi akikoroga uji, alikalia hicho. Jioni akichambua mboga, alikalia hicho hicho. Na kila mara alikiweka namna moja. Uso wake ulielekea barabara ya Endasak. Mgongo wake ulielekea Mlima Hanang.

Watu wa nyumbani walijua sababu. Zamani kidogo, Philomena na mumewe Sulle walikuwa wapangaji Jorodom, pale Katesh mjini. Siku yale matope yaliposhuka kutoka mlimani, Philomena alikuwa ametoka mapema na watoto kwenda misa ya kwanza. Mdogo wake Jenifa alibaki amelala. Jenifa hakuonekana tena akiwa mzima.

Baada ya msiba, Sulle aliirudisha familia nyumbani kwa mama yake, kijijini upande wa Endasak. Ni mahali pazuri. Udongo ni mweusi, mahindi na maharage yanakubali. Ila mlima ni ule ule. Ukitoka jikoni, huo. Ukienda kuchota maji, huo.

Philomena hakuwa mtu wa huzuni. Alikuwa mchapakazi, tena mcheshi, anajua kumtania mtu mpaka akacheka mwenyewe. Lakini mlima hakuutazama. Aliupa mgongo, basi.

Mwaka huo maharage yalikubali kwelikweli. Mvua iliacha kwa wakati wake. Kiangazi kikaingia na baridi yake na upepo wake. Kila jioni Sulle alipasua ganda moja, akaling'ata haragwe, akatikisa kichwa.

"Bado," alisema. "Yakikauka vizuri, tutajaza ghala."

Basi Jumamosi moja asubuhi, binti yao Judica alipiga kelele nje.

"Mama! Mama, njoo uone! Kuna meli angani!"

"Meli gani huku kwetu?" Philomena alijibu, mwiko mkononi. "Chukua ndoo ukachote maji."

"Mama, tazama kwanza!"

Sauti ya mtoto haikuwa ya mchezo. Philomena akageuka. Akautazama mlima.

Juu ya kilele palikuwa na kitu. Kilikuwa kirefu, cheupe, kimechongoka huku na huku, na tumbo nene katikati. Pembeni kilikuwa laini, kama sahani iliyosuguliwa kwa majivu. Chini yake palikuwa na kingine, kidogo, cha umbo hilo hilo. Hakikuwa na mabawa. Hakikutoa sauti. Na upepo ulikuwa unavuma haswa, unapeperusha nguo kwenye kamba. Lakini kitu kile hakikusogea hata kidogo.

Uji ukafurika, ukazima moto. Philomena hakuona.

Sulle alitoka zizini, mikono ina maziwa. Akatazama. Akafuta mikono kwenye suruali, akatazama tena.

"Labda ni ndege," alisema.

"Ndege inasimama, Baba Judica?"

Wakati huo simu ya Sulle ikalia. Alikuwa mdogo wake Alex, dereva wa bodaboda pale Endasak, ametuma ujumbe wa sauti. Sulle akaufungua, wote wakasikiliza.

"Kaka, mmekiona? Kwenye grupu wanasema hicho ni chombo. Kinapima mlima. Wanasema hata kabla ya yale matope kilionekana hicho hicho. Eti mlima unashuka tena wiki hii. Mimi simo, kaka, nimekurushia kama nilivyorushiwa."

Kazi ya simu hiyo! Mtu hayumo, lakini maneno ameyafikisha.

Philomena alikaa chini kwenye majivu.

"Mimi hapa silali," alisema. "Nakwenda kwa kaka yangu Dongobesh na watoto. Leo."

"Na maharage?"

"Ukifa utakula maharage?"

Sulle alimjua mke wake. Akitania, sauti yake hupanda. Leo ilikuwa imeshuka. Naye Sulle mwenyewe aliogopa, ila mwanaume hasemi upesi.

"Haya," alisema. "Tung'oe tunachoweza. Alex atatubebea. Na yule ng'ombe mwenye mimba nitamswaga mpaka kwa shemeji."

Kwa watu wa huku, kupeleka ng'ombe kwa ndugu si jambo geni. Ng'ombe wote hawakai zizi moja. Mmoja yuko kwa shemeji, mwingine kwa rafiki wa mbali. Likitokea la kutokea, hukosi wote. Lakini kumswaga ng'ombe aliyekaribia kuzaa, kupanda na kushuka vilima mpaka Dongobesh, hilo Sulle hangelifanya akiwa na akili yake ya kila siku.

Wakaingia shambani. Wakang'oa maharage mabichi, maganda ya kijani. Mama yake Sulle, bibi Ludovika, alikuwa ameketi juani amejifunga shuka lake. Masikio yake hayakuwa mazuri tena. Aliwatazama wakikimbizana.

"Kuna nini?" aliuliza.

"Kazi tu, mama!" Sulle alipaza sauti.

Bibi akatazama maharage mabichi. Akaguna.

Hawakuwa wamefika mbali pikipiki iliposimama kando ya shamba. Alikuwa Erica, bibi shamba wa kata, mama wa kutoka Songea aliyezoeleka kwa mabuti yake ya mvua hata wakati wa kiangazi. Alitembelea mashamba, akafundisha watu kilimo. Alikuwa pia na kipima mvua nyuma ya ofisi yake, na kila asubuhi alikisoma.

"Hodi shambani! Shikamoo bibi!"

"Marahaba, mwanangu!" Erica ndiye mtu pekee ambaye bibi Ludovika alimsikia mara ya kwanza, maana alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe.

"Mama Judica, mmeamkaje? Lakini... hee! Mnafanya nini? Haya si bado mabichi?" Erica akapasua ganda. "Baba Judica, wewe! Mkulima kama wewe! Ukiweka hii kwenye gunia itaota ukungu. Na mbegu ya msimu ujao utaitoa wapi?"

Sulle alinyoosha kidole juu.

Erica akatazama. Alitazama kwa muda mrefu. Philomena alisubiri acheke. Angecheka, Philomena angemrushia shina la maharage. Lakini Erica hakucheka.

"Kinatisha kweli," alisema. "Mmekiogopea nini hasa?"

Sulle akamwambia habari za chombo, za grupu, za mlima kushuka. Philomena aliendelea kung'oa, machozi yanamdondoka kwenye mikono. Erica akamwona. Akamwendea, akamshika bega.

"Mama Judica, acha kidogo. Tusikikimbie kabla hatujakiuliza."

"Tukiulize? Kitajibu?"

"Kitajibu. Njoo."

Akampeleka kwenye nguzo ya zizi. "Egemeza kichwa hapa, usikitikise. Funga jicho moja. Sasa tazama ncha ya paa la jikoni, halafu kile kitu. Kiko wapi?"

"Kiko juu ya ncha."

"Tusubiri."

Wakasubiri. Upepo ulivuma. Ng'ombe alicheua. Judica naye alishika nguzo nyingine, amefumba jicho, ulimi nje.

"Kimesogea?" Erica aliuliza.

"Hapana. Si nimewaambia? Kimesimama."

"Vizuri. Hilo ni jibu la kwanza. Sasa usiangalie tumbo lake. Angalia ncha tu. Ile ya upande upepo unakotoka."

Philomena akakaza jicho. Mwanzoni hakuona kitu. Halafu akaona. Kwenye ile ncha, mahali palipokuwa na anga tupu, uzi mweupe ulitokea. Ukarefuka, ukaingia ndani ya kile kitu. Ukatokea mwingine.

"Kinaota," alinong'ona.

"Ncha ya pili je?"

Philomena akahamisha jicho. Kule upande wa pili, weupe ulikuwa unachanika vipande vidogo vidogo. Vipande vikawa vyembamba, vikapotea.

"Huku kinaota, kule kinayeyuka!"

"Chombo cha chuma kinaota na kuyeyuka?"

"Hapana."

"Basi ni nini?"

Philomena alifungua jicho la pili. "Ni wingu?"

"Ni wingu, dada yangu."

"Wingu linasimama kwenye upepo huu?" Sulle hakukubali upesi. "Mengine yote yanakimbia!"

Erica akawapeleka kwenye mfereji wa kumwagilia bustani. Ndani ya maji palikuwa na jiwe. Maji yalipofika kwenye jiwe yaliinuka, yakafanya kanundu, yakashuka upande wa pili.

"Baba Judica, hako kanundu kanaondoka?"

"Hapana. Kapo hapo hapo."

"Na maji?"

"Maji yanapita."

"Sasa mlima ndio jiwe. Upepo ndio maji. Upepo ukiugonga mlima, unapanda juu. Juu kuna baridi. Asubuhi ukipumua nje, unaona nini mdomoni?"

"Moshi," alisema Judica.

"Ni mvuke. Pumzi yako ina unyevu, ikikutana na baridi inaonekana. Upepo nao una unyevu. Ukipanda juu ya mlima, unyevu wake unaonekana: wingu. Ukishuka upande wa pili, hewa inapata joto, wingu linayeyuka. Kwa hiyo upepo unapita, lakini wingu linakaa palepale. Na upepo mkali ndio unaolilainisha pembeni. Hilo wingu linasema neno moja tu: huko juu kuna upepo mkali. Basi. Rubani aliogope. Wewe mkulima, tayarisha ungo."

Judica alikuwa bado na shauku. "Na zile taa za usiku, zinazopita zimefuatana kama shanga?"

"Hizo ni satelaiti. Mitambo ya mawasiliano. Zinatembea kwa mstari, hazipepesi, hazina sauti."

"Na puto?"

"Puto la watu wa hali ya hewa linapanda na kusogea na upepo. Linakuwa dogo, dogo, mpaka hulioni. Kwa hiyo ukiona kitu angani, uliza. Kinasogea au kimesimama? Kinafuata upepo au hakifuati? Kina sauti? Pembeni kinabadilika? Ukikosa jibu, muulize mtu. Hata mimi kuna vitu nimeviona nisivijue. Sikung'oa maharage."

Sulle alicheka kwa aibu. Bibi Ludovika alikuwa amejikokota mpaka pale na fimbo yake.

"Mnatazama nini huko?" aliuliza. "Lile wingu la upepo?"

Wote wakamgeukia.

"Mama! Unalijua?"

"Nalijua tangu msichana. Likikaa hivyo, baba yangu alikuwa anasema leo tupepete."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Mliniambia ni kazi tu."

Hapo hata Philomena alicheka. Alicheka machozi yakiwa bado usoni. Lakini kicheko hakikukaa. Alimshika Erica mkono.

"Dada, niambie ukweli. Kwa hiyo mlima hautashuka tena?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake. La wingu lilikuwa dogo.

Erica hakuharakisha. "Siwezi kukudanganya," alisema. "Unaweza kushuka. Si kiangazi kikavu kama hiki, lakini mvua ikizidi, unaweza. Ila habari zake hazitoki angani. Zinatoka chini, miguuni kwetu. Mvua kubwa ikinyesha siku kwa siku bila kupumzika, kaa macho. Tazama ardhi kama ina ufa mpya. Tazama miti na nguzo kama zimeinama. Na sikiliza. Ukisikia mngurumo mlimani, usisubiri kuona."

"Na maji?" Philomena aliuliza kwa sauti ndogo.

"Maji ndiyo ya kuangalia kuliko yote. Maji ya korongo yakigeuka tope zito ghafla, kimbia. Na yakipungua ghafla huku mvua inanyesha, kimbia zaidi. Maana yake kuna kitu kimeziba huko juu, na kitaachia."

Philomena akainama. "Siku ile, Jorodom," alisema, "nilivuka mtaro kwenda misa. Maji yalikuwa mazito, meusi. Nilisema mvua imeyachafua. Nikamwacha Jenifa amelala."

Erica alimvuta kifuani. "Hukuwa umeambiwa," alisema. "Hakuna aliyekuambia. Leo umeambiwa."

Philomena alilia, na hakuna aliyemkataza.

Alasiri hiyo walitembea pamoja mpaka korongo lililopita juu ya nyumba. Erica akawaonyesha pa kukimbilia. Si chini kufuata korongo, wala si kulivuka. Ni kwenda pembeni, kupanda mgongo wa kilima kwenye shule. Na ukitoka, umetoka. Hurudi kuchukua godoro.

Ng'ombe hakwenda Dongobesh. Alizaa ndama zizini kwake. Maharage mabichi yaliyong'olewa yalichemshwa, yakaliwa na majirani. Yaliyobaki shambani yakaachwa yakauke. Yalipopurwa, lile wingu lilikuwa limekaa tena juu ya Hanang, na upepo ulichukua makapi yote. Sulle naye alimtumia Alex ujumbe wa sauti, kwamba chombo ni wingu, na aurushe kwenye grupu kama alivyourusha ule mwingine.

Kisha mvua zikaanza. Kila asubuhi Philomena alikwenda kutazama korongo. Jirani yao Agustino, fundi wa mbao na mtani mkubwa, alimngojea njiani.

"Mama Judica! Korongo limeamkaje leo?"

"Limeamka salama. Linakusalimia."

"Liambie nalipenda!"

"Litakujibu lenyewe."

Agustino alicheka, na mkewe Agatha akacheka. Philomena hakujali. Aliwaeleza yote aliyofundishwa, wakaitikia tu kwa adabu.

Halafu ikaja mvua isiyopumzika. Ilinyesha usiku na mchana, ikanyesha tena. Erica alipita kwa mwenyekiti wa kitongoji, akasema kipima mvua chake kinajaa kila siku, watu wa karibu na korongo wawe tayari. Philomena sasa alikwenda korongoni kila mara, gunia kichwani.

Mchana mmoja alisimama pale akasikia jambo la ajabu. Alisikia ukimya. Mvua ilikuwa inapiga majani vilevile. Lakini korongo lililokuwa linapiga kelele tangu asubuhi lilikuwa limenyamaza. Akainama. Maji yalikuwa yamepungua mpaka mawe yanaonekana.

Akageuka, akakimbia kurudi nyumbani.

"Baba Judica! Toka! Toeni watoto!" Alipiga kelele tangu mbali. "Maji yamekatika! Agustino! Agatha! Tokeni, maji yamekatika!"

Sulle hakuuliza swali. Alifungua zizi, akawaacha ng'ombe watoke wenyewe. Alimbeba mama yake mgongoni. Judica alimshika mkono mdogo wake Patriki.

"Fimbo yangu!" bibi Ludovika alidai.

"Mama, hatuchukui kitu!"

"Na wewe unanibeba kama gunia!"

Agustino alitoka mlangoni, bado na tabasamu lake. Akamwona Philomena usoni. Tabasamu likaisha. Akamwita Agatha na watoto, wakakimbia. Walikwenda pembeni, wakapanda, wakateleza, wakapanda tena, mpaka barazani kwa shule.

Hapo ndipo waliusikia. Mngurumo mzito ulitoka juu, ardhi ikatetemeka chini ya nyayo. Matope yalishuka korongoni na mawe na miti mizima. Yalijaza korongo, yakamwagika. Jiko la Philomena likaenda. Ukuta mmoja wa nyumba ya Agustino ukaenda na kitanda kilichokuwa nyuma yake.

Philomena aliwagusa watu mmoja mmoja kichwani. Judica yupo. Patriki yupo. Sulle yupo. Bibi yupo, ananung'unika. Agustino, Agatha na watoto wao, wapo. Akawagusa tena tangu mwanzo. Hakuna aliyekosekana.

"Jenifa," alisema polepole, "nimeona maji."

Sulle alimkumbatia mbele ya watu wote.

Mvua ziliisha, kiangazi kikarudi. Jiko jipya lilijengwa mbali na korongo, na nyumba ya Agustino nayo ikahamishwa. Asubuhi moja Agustino alikuja na kitu chini ya kwapa. Kilikuwa kigoda kipya, cha mbao ngumu, kimesuguliwa vizuri.

"Kile kingine korongo lilikuchukulia," alisema. Safari hii hakutania. "Huyu mke wangu na hawa watoto, mama... Basi. Kalia."

Judica alitoka nje na ndoo. Akatazama juu.

"Mama, meli yako imerudi!"

Na kweli, wingu lilikuwa pale juu ya kilele, refu, jeupe, limesimama kwenye upepo.

"Niletee ungo," Philomena alisema. "Leo tunapepeta."

Akachukua kigoda, akakiweka nje ya jiko. Sulle, kwa mazoea, alikisogeza ili kielekee barabara. Philomena akakirudisha. Akaketi, uso wake ukitazama Mlima Hanang wote, kutoka kilele mpaka korongo.

"Hivi ndivyo," alisema. "Nikiupa mgongo, nitauonaje?"